Jinsi ya Kuandaa Mchezo wa Kuigiza Nje ya Ukumbi Mjini Kigoma-Ujiji

Kundi la sanaa za maonyesho lisilo na ukumbi wake mara nyingi huazima bwalo la shule, hutundika pazia, hupanga viti, kisha huigiza mchezo ambao ungeweza kuigizwa vilevile Dodoma au Tanga. Mwongozo huu unahusu njia nyingine, yaani kuchagua mahali mahususi, kama vile stesheni, mwalo wa samaki au mtaa wa zamani, na kutunga mchezo unaotokana na mahali hapo kiasi kwamba ukiuhamisha unapoteza maana yake. Tofauti hiyo ishikwe tangu mwanzo. Kuigiza chini ya mwembe kwa sababu bwalo limejaa siyo kazi inayozungumziwa hapa, kwa kuwa hapo mwembe ni kivuli tu, na kivuli chochote kingefaa.

Kuigiza nje si jambo geni kwetu. Ngoma za Waha huchezwa uwanjani, na watazamaji huingia na kutoka katika mzunguko bila kukata tiketi. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, huko Limuru nchini Kenya, walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao na kuigiza maisha yao wenyewe, hata serikali ikauzuia mchezo wao mwezi Novemba mwaka huohuo. Hapa Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa miongoni mwa walioshirikiana na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, kutunga maigizo juu ya matatizo ya kijiji hicho. Kazi hizo zilijibu vizuri swali la nani anastahili kuigiza na kwa ajili ya nani. Swali linalobaki kwa msomaji wa mwongozo huu ni la wapi.

Kuchagua mahali

Kipimo cha kwanza ni chepesi kukitaja na kigumu kukifuata. Msimulie mchezo wako mtu asiyeujua, kisha umwambie kwamba umehamishiwa bwaloni. Akikujibu kwamba hakuna kilichoharibika, basi mahali ulipochagua ni pambo, na afadhali uende huko bwaloni ambako angalau mvua haitawanyeshea. Akishtuka na kuuliza mhusika atafikaje bila reli, umepata mahali.

Kwa kundi linaloanza, ninapendekeza stesheni ya Kigoma kuliko mahali pengine popote mjini. Jengo lake ni la wakati wa Wajerumani, nalo liko mwisho wa Barabara ya Lumumba, karibu na bandari. Reli ya Kati ilifika hapa Februari 1914, baada ya kukata zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na hapa ndipo inapokomea. Abiria anayeshuka hana kituo kingine mbele yake, kwa sababu kilichobaki ni maji. Mtunzi hahitaji kulieleza jambo hilo kwa maneno, maana mtazamaji aliyeketi akiitazama reli inavyoishia tayari analiona. Zaidi ya hayo, stesheni ina dirisha la tiketi, mabenchi, mizani ya mizigo na sehemu ya kusubiria, na treni haiji kila siku, kwa hiyo zipo siku ambazo eneo hilo huwa tulivu bila kupoteza sura yake ya stesheni.

Mialo ya Kibirizi na Katonga ina utajiri mkubwa zaidi, lakini pia ina masharti magumu zaidi. Mitumbwi hurudi alfajiri, dagaa huanikwa jua linapochomoza, na eneo la kuanikia hubaki limeshikwa mpaka alasiri. Kundi linaloomba nafasi kwa muda wa saa mbili mchana linawaomba akina mama waache kuanika, na kuacha kuanika siku ya jua ni hasara ya fedha taslimu. Ama mfanye onyesho wakati dagaa zimeshaanuliwa, ama mlipe fidia ya nafasi hiyo kwa makubaliano ya wazi, ama mtunge mchezo ambamo kazi ya kuanika inaendelea na waigizaji wanapita katikati yake. Mimi ninaipenda njia ya tatu, ingawa inahitaji waigizaji wasiotetereka mtu anapowapigia kelele kwamba wanakanyaga mali yake.

Ujiji ina mtego wake. Kila anayefika kwenye kumbukumbu ya Livingstone, penye miembe, hutamani kuigiza Stanley akivua kofia alipokutana na Livingstone hapo mwaka 1871. Msiigize tukio hilo kwa namna ile inayosimuliwa kila siku, kwa kuwa limeshatazamwa mno kwa macho ya wageni wawili. Aliyetangulia kukimbia kwenda kuutazama msafara ule alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Na yeye pamoja na Chuma, mtumishi mwenzake, ndio waliokuwa miongoni mwa waliobeba maiti ya bwana wao mpaka pwani baada ya kifo chake mwaka 1873. Mchezo unaoanza kwa Susi akipenya katikati ya watu wa Ujiji ili ajue ni nani anayekuja na bendera, huku watazamaji wakiwa ndio watu hao wa Ujiji, tayari una mvutano na una sababu ya kuwa pale.

Ujiji inatoa pia kitu kisichopatikana katika ukumbi wowote, nacho ni ziwa lililohama. Katika miaka ya 1870 maji ya Tanganyika yalikuwa juu sana, kisha yakapasua njia ya mto Lukuga upande wa Kongo na kushuka kwa mita kadhaa, ndiyo maana kumbukumbu leo iko mbali na ufuo. Katika miaka ya karibuni maji yamepanda tena na kumeza nyumba na sehemu za mialo. Mchezo wa kutembea, unaowachukua watazamaji kutoka kwenye miembe hadi majini huku wakisimama kila mahali palipowahi kuwa ufuo, unaweza kubeba historia ya karne moja na nusu bila msimulizi hata mmoja kutaja tarehe.

Kukaa mahali hapo kabla ya kuandika

Msiandike neno lolote kabla kundi zima halijakaa mahali palipochaguliwa kwa saa tofauti za siku, yaani alfajiri, adhuhuri, jioni na usiku, na ikiwa ni stesheni, siku ya treni na siku isiyo na treni. Kila mmoja apewe jambo moja la kuangalia. Mmoja asikilize sauti tu na kuandika ni saa ngapi honi, jenereta, adhana au spika ya duka inazifunika sauti za watu. Mwingine afuatilie miguu, kwa maana ya njia ambazo watu hupita bila kufikiri na zile wanazozikwepa. Mwingine atazame nani ana haki ya kukaa wapi, kwa sababu hata pale panapoonekana wazi pana wenyewe: muuza kahawa ana kona yake, wachukuzi wana ukuta wao wa kuegemea, na bodaboda wana foleni isiyoandikwa popote. Mwigizaji anayesimama kwenye kona ya muuza kahawa bila kumwomba amekwishaharibu mambo na jirani yake wa kwanza.

Zungumzeni na watu, lakini msirekodi bila ruhusa. Jambo hili lina uzito wa pekee katika mkoa ambao kwa miongo mingi umepokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo. Simulizi ya mtu aliyekimbia vita haifai kuwekwa mdomoni mwa mwigizaji kwa namna ambayo majirani watamtambua mwenyewe. Badilisheni jina, kijiji, idadi ya watoto na chochote kinachomfichua, kisha mrudi kumsomea kilichoandikwa kabla ya mazoezi kuanza. Akikataa, kiondoeni bila kubishana.

Vibali

Anzeni kwa afisa utamaduni wa manispaa, ambaye atawaeleza utaratibu wa usajili wa kundi katika Baraza la Sanaa la Taifa na matakwa ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 kuhusu maonyesho ya hadhara. Baada ya hapo nendeni kwa mwenye mahali: Shirika la Reli Tanzania kwa stesheni, wasimamizi wa kumbukumbu kwa eneo la Livingstone, uongozi wa mwalo na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi kwa Kibirizi au Katonga. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata wajulishwe mapema, na polisi wapewe taarifa ya maandishi. Bandari ni eneo la ulinzi. Mchezo unaotaka meli utosheke kuiona kwa mbali, isipokuwa mmepata kibali cha maandishi.

Katika barua ya maombi, msiandike tu kwamba mnaomba eneo kwa ajili ya shughuli za sanaa. Elezeni saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu, vifaa, nani atazuia watoto wasisogelee reli, na nani atafanya usafi. Mkuu wa stesheni anaogopa ajali kuliko anavyoogopa maigizo, na barua inayojibu hofu hiyo husomwa hadi mwisho.

Kutunga kutokana na mahali

Cliff McLucas wa kundi la Brith Gof la Wales, lililoigiza katika kiwanda cha magari kilichoachwa mjini Cardiff mwaka 1988, alikuwa akisema kwamba mahali ni mwenyeji, onyesho ni mzimu unaomtembelea mwenyeji huyo kwa muda, na mtazamaji ni shahidi. Mgawanyo huo unafaa sana mezani pa mtunzi. Kwa kila sehemu ya mchezo jiulizeni mwenyeji ameleta nini na mzimu umeleta nini. Mkiona kwamba mzimu umeleta kila kitu, yaani meza, pazia, taa na ukuta wa mbao, mwenyeji amefukuzwa nyumbani kwake.

Chukueni mfano wa stesheni. Meli inayojulikana leo kama MV Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kupakiwa katika maelfu ya makasha, ikaletwa Kigoma kwa reli na kuundwa upya. Iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915. Mwezi Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isiangukie mikononi mwa adui, lakini kwanza wakaipaka mitambo grisi nzito kwa matumaini ya kuja kuifufua siku moja. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina ililonalo sasa.

Mtunzi asiye makini atamweka mzee mwenye fimbo asimulie yote haya kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Mtunzi anayepasikiliza mahali atauliza ni nani alibeba makasha. Watazamaji waingie kupitia dirisha la tiketi, na kila mmoja akabidhiwe kasha dogo lililofungwa, lenye namba, bila kuambiwa lina nini. Watalibeba muda wote wa mchezo, na mikono itawachoka. Wachukuzi wawili, ambao ndio wahusika wakuu, wabishane kuhusu ujira wao na kuhusu hicho wanachokibeba, kwa kuwa hakuna mtu aliyewaeleza. Grisi nayo impate mhusika mwenye haja nayo, kwa mfano kijana msaidizi wa fundi anayeamriwa kuipaka usiku na kuambiwa asiulize. Hapo tarehe haitakuwa somo la darasani, bali kitu ambacho kijana yule hakijui na mtazamaji anakijua.

Andikeni mazungumzo mafupi. Nje, sentensi ndefu hupotea kabla ya kitenzi kufika. Wekeni habari muhimu mara mbili, mara moja kwa neno na mara moja kwa tendo, ili aliyekosa neno kwa sababu ya honi ya bajaji alipate tendo. Kiha kitumike pale ambapo wahusika kweli wangekitumia. Mtazamaji asiyekijua ataelewa kwa mwili wa mwigizaji, na akikosa kidogo hana hasara kubwa.

Jua, upepo, adhana na mbalamwezi

Sehemu hii ndiyo inayoyaangusha maonyesho mengi. Kigoma iko ukingoni mwa magharibi ya nchi ilhali saa zake ni zilezile za Dar es Salaam, kwa hiyo jua huzama hapa karibu saa moja jioni, takriban dakika 40 baada ya kuzama Dar es Salaam, na giza kamili hufuata upesi. Jua hilo huzamia upande wa ziwa, nyuma ya milima ya Kongo. Mchana, upepo kwa kawaida huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka. Mambo haya mawili yanapingana. Mwigizaji akilipa ziwa mgongo wakati wa jioni, upepo humsaidia kupeleka sauti kwa watazamaji, lakini watazamaji hao watakuwa wanatazama jua usoni na kumwona yeye kama kivuli cheusi. Suluhisho linalofanya kazi ni kuwakalisha watazamaji wakielekea kaskazini au kusini, jua likiwa ubavuni, na kuwasogeza karibu ili upepo wa ubavuni usile maneno. Sauti isiyo na kipaza haitegemewi nje baada ya mita 15, na vipaza sauti huharibu kazi ya namna hii kwa sababu sauti hutokea kwenye spika wakati mdomo uko kwingine.

Mwongozaji yeyote anayefika Ujiji hutaka kumalizia mchezo wake jua linapotumbukia ziwani. Wakati huohuo ndipo adhana ya Magharibi inapotolewa, na katika mji wenye Waislamu wengi kama Ujiji hakuna haja ya mjadala kuhusu kipi kisubiri. Malizeni jua likiwa bado juu ya milima, ama anzeni baada ya Isha kwa mwanga wa taa. Taa za sola za kuvulia zinafaa sana kwa kazi hiyo. Ni kifaa cha mahali, zinapatikana, na mtazamaji wa Kibirizi anazijua.

Mwezi nao una ratiba yake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na siku za mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika. Mkitaka wavuvi wawe watazamaji au waigizaji, chagueni siku hizo, ambazo pia zitawapunguzia gharama ya mwanga. Mkitaka taa za mitumbwi zionekane ziwani nyuma ya waigizaji, chagueni giza na mkubali kuwakosa wenye mitumbwi. Ulizeni pia kuhusu mapumziko ya uvuvi: mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na mwalo uliofungwa si mwalo ule mliokuwa mkiuangalia mwezi Aprili. Kwa upande wa mvua, Juni hadi Septemba ni miezi salama. Kuanzia Oktoba wekeni siku ya akiba.

Watazamaji

Mchezo wa kutembea usizidi watu 60, na wawepo waongozaji wanne wenye alama moja ya wazi, kama kilemba cha rangi ileile, ambao ni wahusika pia na hawasemi maneno ya "tafadhali sogeeni" nje ya uhusika wao. Watoto watakuja hata msipowaalika. Wapeni mahali pa mbele pa kukaa chini, na ikiwezekana kazi ya kufanya, kwa mfano kuitikia wimbo. Wapita njia ambao hawakuja kwa ajili ya mchezo wana haki ya kupita. Mwigizaji afundishwe kumpisha mama mwenye ndoo ya mawese kichwani kama ambavyo mhusika wake angempisha.

Kuna suala la mgeni rasmi. Mazoea yetu ni kuweka hema, meza kuu, maji ya chupa na hotuba. Meza kuu huleta jukwaa kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa waigizaji wote hujikuta wanaielekea na wananchi wanabaki kutazama migongo. Kiongozi aalikwe kwa heshima zake zote, aambiwe kabla kwamba atatembea na kubeba kasha kama wengine, na hotuba yake iwekwe mwisho. Walio wengi hukubali wakielezwa mapema. Wanaochukia ni wale wanaoshtukizwa.

Mazoezi na siku yenyewe

Fanyeni mazoezi mahali penyewe, kwa saa ileile ya onyesho, tangu wiki ya kwanza. Watu wa pale watayazoea, watatoa maoni, na wengine wataomba kuingia. Wapokeeni wachache, hasa katika sehemu zinazohitaji ujuzi wao, kwa kuwa hakuna mwigizaji atakayejifunza kubeba gunia la dagaa au kusuka wavu kwa ustadi wa mwenye kazi hiyo. Kwenye reli, wekeni sheria moja isiyojadiliwa: hakuna anayevuka bila ishara ya mtu aliyeteuliwa, hata siku isiyo na treni. Kwenye maji, awepo mwogeleaji hodari asiye na kazi nyingine, na mtumbwi wa karibu uwe na majaketi ya kuokolea.

Kuhusu fedha, kiingilio mahali pa wazi hakikusanyiki. Ombeni mchango kabla ya sehemu ya mwisho, si baada yake, kwa maana mchezo ukiisha watu huondoka haraka. Kabla ya kugawana chochote, lipeni waliopisha: muuza kahawa aliyehama kona, akina mama walioanua mapema, mlinzi aliyekaa hadi usiku. Kiasi kiwe kimekubaliwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa na kuandikwa.

Jioni hiyohiyo okoteni kila kipande cha karatasi na kamba, rudisheni mabenchi yalipokuwa, na asubuhi yake kundi zima lirudi kusikiliza watu wanasema nini kuhusu mchezo wakati ninyi hamjawauliza. Muuza kahawa atawaeleza ni sehemu gani watu waligeuka kutazama pengine. Rekebisheni sehemu hiyo kabla ya onyesho la pili, kisha mpelekeeni mkuu wa stesheni au kiongozi wa mwalo taarifa fupi ya maandishi yenye idadi ya waliohudhuria, fedha zilizolipwa na uharibifu wowote uliotokea, kwa sababu kundi litakaloomba mahali hapo mwakani litapimwa kwa taarifa hiyo.